Jino limevimba katikati ya ruti kanali, na bado sikuandikii antibayotiki

Jamani, ruti kanali ni kusafisha mfereji wa ndani ya mzizi wa jino lililokufa kisha kuuziba. Sasa hii ya "dokta jino lilikuwa limetulia, umeligusa ndo nimevimba, niandikie amoksilini" imenichosha. Jana tena kaja mtu shavu limejaa, usiku kashapita duka la dawa kununua amoksilini, anataka nimwongezee na metronidazo (antibayotiki nyingine) juu yake.

Bakteria hawajaletwa na mimi. Jino likishakufa wanakuwemo ndani siku nyingi, na wengi ni wale wasiotaka hewa: Fusobacterium nucleatum, Prevotella, Porphyromonas, hao ndo wanaotajwa sana kwenye meno yanayolipuka kati ya miadi na miadi. Mtafiti Sundqvist kule Sweden alishaonyesha mwaka 1976, meno yaliyokufa kwa kugongwa tu, hayana hata tundu, ila yale yenye ugonjwa kwenye mfupa yakakutwa na bakteria, na zaidi ya 90% ni hao wasiotaka hewa.

Sasa kinachoniudhi ni kwamba watu (na madaktari wenzangu pia, mnajijua) wakisikia jina la bakteria wanadhani basi kuna kidonge chake. Kidonge kinasafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki, mishipa yote imeshaoza, ni kama kungoja maji nyumba iliyokatiwa bomba, we unameza tu mpaka unaanza kuharisha na wale wa kwenye mfereji hawana habari. Halafu maumivu yenyewe mara nyingi ni hivi: faili (kile kijisindano cha kusafishia mfereji) ikiwa inakwangua inasukuma takataka kidogo kupita ncha ya mzizi, vipande vya kiini kilichooza pamoja na bakteria wake, mwili unavamia, na pale kwenye mfupa uvimbe hauna pa kwenda. Ndo maana nakusumbua na eksirei ya kupima urefu wa mzizi, faili isipitilize.

Dawa yake? Nalifungua, usaha utoke, naosha upya na haipokloraiti (maji ya kuua bakteria), naweka kalsiamu haidroksaidi (dawa ya kukaa ndani ya mfereji), nafunga kwa muda, unapewa ibuprofeni kama tumbo na figo ziko sawa. Basi.

Na msiniletee Enterococcus faecalis hapa, bakteria huyo sifa zake ni kwenye meno yaliyofanyiwa ruti kanali na kuzibwa zamani yakagoma kupona, tena mara nyingi kimyakimya bila kuuma, ni kesi nyingine kabisa.

Ila niseme ukweli, hao hao kina Fusobacterium wanakutwa pia kwenye meno yasiyouma hata kidogo. Meno mawili yamekufa sawasawa, nimeyasafisha vilevile, mmoja analala fofofo, mwingine ananipigia saa tisa usiku. Aliyekuja tayari anaumwa yuko kwenye hatari zaidi, hilo linajulikana, lakini daktari anayekuahidi halitavimba anakudanganya.

Ukipata homa, uvimbe ukashuka shingoni, mdomo haufunguki au kumeza shida, usingoje miadi, nenda hospitali usiku huohuo. Hapo antibayotiki utaandikiwa bila kuomba, na jino bado litafunguliwa, au ling'olewe.