Soma Kipande Kilichovunjika Kabla ya Kuwasha Mashine

Wanaoniletea kipande cha mashine kilichovunjika ili niwakerezee kipya husema, "Nitengenezee kingine kama hiki hiki." Sitengenezi kama hicho. Kilichopo mkononi kimelika, kimepinda na kupungua. Ukikinakili kilivyo, umetengeneza kipya ambacho tayari kimechakaa.

Naanza na pale kilipovunjikia, kwa lenzi na taa. Kama sehemu kubwa ni laini, ina mistari iliyojipinda, na pembeni tu ndipo pamekwaruza, chuma hicho kilichoka. Ufa ulianza mahali fulani ukatambaa kidogo kidogo kila shafti ilipozunguka, hadi chuma kilichobaki kikashindwa na mzigo. Mara nyingi huanzia pale shafti nene inapokutana na nyembamba, ikiwa kona imekatwa kali. Hapo wengi hukimbilia chuma kigumu zaidi, na kona kali wakairudia vilevile. Mimi nanoa kisu cha kukerezea kiwe na ncha ya mviringo, niache kona yenye nusukipenyo cha milimita 1 hivi. Ila hakikisha mdomo wa tundu la beringi au gia una nafasi ya kupokea mviringo huo, la sivyo haitakaa hadi mwisho.

Kama pote pamekwaruza, kilivunjika kwa mara moja: kiligongwa au kilibanwa kupita kiasi. Na kama ni pini ndogo ya chuma laini au shaba inayounganisha gia na shafti, tulia. Huenda iliwekwa makusudi ikatike ili gia ipone. Ukiweka pini ya chuma kigumu, safari ijayo utakata meno ya gia, na hiyo ni kazi ya siku nyingine kabisa.

Vipimo navichukua mahali pasipogusana na kitu, kwa mfano chini ya washa (kile kipete cha chini ya nati), kisha napima pia tundu linalopokea kipande. Shafti inayosoma milimita 11.87 huenda ilizaliwa ikiwa 12. Lakini kama mashine ni ya inchi, huenda ilikuwa 15/32, yaani 11.91. Tofauti hiyo inatosha kuharibu mkao.

Thredi, yaani meno ya bolti na nati, nazo hudanganya. Bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, ina hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, na ya inchi 5/16 yenye meno 18 kwa inchi ina hatua ya 1.41, na vipenyo vyake vinakaribiana sana. Nati ikiingia raundi mbili tatu kisha ikakaza, usiilazimishe. Chukua geji ya thredi. Kwenye vifaa vya zamani vya Uingereza angalia pia pembe ya meno: thredi ya Whitworth, kiwango cha zamani cha huko, ni digrii 55, si 60.

Gia iliyokatika meno haihitaji kubahatisha. Hesabu meno, ongeza 2, kisha gawa kipenyo cha nje kwa jumla hiyo. Meno 24 na kipenyo cha milimita 38.8 ni 38.8 gawa kwa 26, yaani 1.49: moduli, kipimo cha ukubwa wa meno, ni 1.5, na gia mpya inakatwa kwa kipenyo cha 39. Hesabu hii ni ya meno ya kawaida yaliyonyooka. Yaliyolala mshazari yana hesabu yake.

Kipande kinachopigwapigwa, kama kidole cha kuzuia gurudumu la racheti (lile la meno linalozunguka upande mmoja tu), nakikata kwenye chuma cha kutengenezea zana kingali laini na kukimaliza kwa tupa. Kisha nakipasha moto hadi kiwe chekundu cha karibu digrii 800 na kukizamisha kwenye mafuta. Sumaku husaidia: ikiacha kunata, bado kidogo tu. Kikitoka hapo tupa huteleza juu yake, lakini ukikidondosha kitavunjika kama kioo. Nakisugua king'ae, kisha nakipasha polepole hadi rangi ipite manjano, ipite kahawia, ifike zambarau, karibu digrii 280. Hapo nakitoa motoni.

Kazi moja naikataa daima: chochote kinachoshika jiwe la kusagia. Hicho kinunuliwe.