Je, wajua kwa nini maji ya mikokoni hufanana na chai ya mkandaa?

Mara ya kwanza nilipokwenda Gazi, kule Kwale, nilichota maji chini ya mikoko kwa gilasi, nikayatazama juani, nikayamwaga. Yalikuwa ya hudhurungi. Nikasema haya yameoza, na kwa miaka niliamini kuwa maji safi ni yale unayoona vidole vya miguu yako ndani yake.

Jibu nilikuwa nikilinywa kila asubuhi. Watu wa Mombasa huita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa, na mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gome lake limetumika tangu zamani kutia rangi ngozi na nyavu. Majani na magome yakiloweka, tanini, kemikali ya mmea inayotia rangi, hutoka na maji yakakolea. Tope jepesi linalotibuliwa na maji kujaa na kupwa likiongezeka, basi. Hapo hakuna uchafu bado. Kwa upande wa pili, maji meupe pepe yanaweza kubeba vijidudu vya choo na usione kitu.

Wanaotoa habari zaidi ni planktoni, viumbe wadogo wanaoelea wakichukuliwa na maji. Tone moja la maji mazima chini ya hadubini lina daiatomu, mwani wa seli moja wenye magamba ya kioo, kopepodi, jamaa wadogo wa kamba wenye papasi ndefu, mabuu ya kamba na kaa, kila mtu na sura yake.

Maji taka yakiingia, mara nyingi idadi ya planktoni hupanda. Kinachoshuka ni aina zao. Daiatomu hujenga gamba lake kwa silika, madini ya kioo, inayoletwa na mito kutoka kwenye miamba inayochakaa. Maji taka huleta naitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani, kwa wingi, silika kidogo. Mfikirie fundi aliyeshushiwa malori ya saruji, lakini mabati ni yaleyale ya nyumba tano. Akishaezeka ya tano, amekwama, na saruji imejaa uani. Jirani yake hujenga kuta tu, paa halimhusu. Saruji yote ni yake. Majirani hao wasiohitaji silika ndio hujaa maji yakawa kijani. Usiku wanapumua bila kutengeneza oksijeni, wanaokufa wanaoza, na alfajiri unawakuta samaki juu wakitweta, midomo nje.

Ila uchache wa aina peke yake haumtii mtu hatiani. Masika, mto Mkurumuji unaoingia ghubani Gazi ukishuka kwa nguvu, chumvi hupungua na viumbe wengi wa bahari hutoweka bila choo cha mtu yeyote kuhusika. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa huja na wageni kutoka nje ya miamba ya matumbawe. Chota palepale saa sita baadaye, yamekupwa, utadhani umehama ghuba. Kwa hiyo mpimaji makini hupima chumvi na kuandika maji yalikuwa wapi alipochota.

Mimi nilichota yamekupwa, tope limetibuka, na sikuandika kitu.