Je, ukilisema wazo lako la biashara litaibwa?

Wengi tumekua tukiamini kwamba wazo la biashara halitamkwi mpaka duka lifunguliwe, la sivyo litaibwa. Basi mtu anakodi chumba, anajaza mali, ndipo anaanza kuuliza.

Wazo tupu halimfai mwizi sana. Kazi iko kwenye kumpata msambazaji anayekubali kukukopesha, kupanga bei, na kuvumilia miezi ya mwanzo isiyo na faida. Hata upande wa hakimiliki, mkataba wa TRIPS wa 1994, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu haki za kazi za ubunifu na uvumbuzi, unalinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. (Uvumbuzi wa kiufundi ni habari nyingine: katika nchi nyingi, kuutangaza kabla ya kuombea hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kunaweza kukukosesha haki.)

Mtafute aliyekwisha kufanya biashara ya aina hiyo, hasa wa mji mwingine ambaye hamgombanii wateja. Ukimuuliza "Unaonaje wazo langu?" utaambulia sifa za adabu. Muulize mali kiasi gani huharibika kabla ya kuuzwa, na wanaokopa hulipa baada ya muda gani. Kisha mfungulie daftari lako la makadirio. Huenda akaona papo hapo kwamba umesahau kodi ya pango, au mshahara wako mwenyewe.