Kwa nini Boston ina sanamu ya mama ambaye ilimfukuza yenyewe?

Pale Boston, Marekani, mbele ya jengo la bunge la jimbo la Massachusetts kuna sanamu ya shaba ya mama kashika Biblia, macho yanatazama mbinguni na binti mdogo kamganda ubavuni. Ndo Anne Hutchinson huyo, na waliomfukuza mwaka 1637 ni serikali ya hapo hapo Massachusetts, enzi hizo ikiwa koloni la Waingereza, sasa ikawaje?

Anne alitoka Uingereza 1634 na mumewe na watoto kibao. Alikuwa mkunga, wamama wanamjua, wakaanza kukutana nyumbani kwake kuchambua mahubiri ya Jumapili, baadaye wanaume nao wakaingia mpaka gavana Henry Vane akawa anahudhuria. Shida ni pale alipodai wachungaji karibu wote wa pale wanahubiri wokovu wa matendo badala ya neema, na kwa Wapuritani, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotawala koloni hilo, kanisa na serikali vilishikana sana, ukimgusa mchungaji umeigusa dola.

Akapandishwa kizimbani mbele ya gavana mpya John Winthrop, Anne akiwa na miaka 46, wakili hana, akawa anawajibu kwa Maandiko mpaka wanakosa pa kumshika. Kesho yake akasema mwenyewe kwamba Mungu humfunulia moja kwa moja, basi hapo wakampata. Alipouliza anafukuzwa kwa kosa gani, Winthrop akamwambia asiseme zaidi, mahakama inajua sababu na imeridhika. Yaani hapo ndo panaponiuma mimi, unamhukumu mtu halafu hata sababu humwambii! Kanisa nalo likamtenga 1638, akahamia Rhode Island, na mumewe alipofariki akaenda eneo la Waholanzi, ambako 1643 aliuawa na Wasiwanoy, kabila la wenyeji wa Amerika, wakati wa vita vyao na Waholanzi, yeye na watoto wake kadhaa.

Sanamu ililetwa na vyama vya wanawake, kazi ya mchongaji Cyrus Dallin, ikasimamishwa 1922, miaka miwili tu baada ya wanawake wa Marekani kupata haki ya kura nchi nzima, kwahiyo unaona kwa nini walimtaka mama aliyewajibu wakubwa bila kutetemeka. Maandishi ya chini yanamsifu kama mtetezi wa uhuru wa dini. Kwangu hapo wamemwongezea kidogo, manake Anne hakudai kila dini iachwe huru, alichosema ni kwamba wachungaji wamekosea.

Na hukumu yenyewe ilifutwa 1987 na gavana Michael Dukakis, yaani sanamu ilikaa pale nje miaka 65 huku mwenyewe bado kafukuzwa.