Sanaa na Safari za Anga: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mjadala wa sanaa na anga ukianza, hakosekani wa kusema kwamba msanii huota na mhandisi hujenga. Yanapendeza masikioni, ila historia haikwenda hivyo.

Dhana: Galileo aliona milima ya Mwezi kwa sababu tu alikuwa na darubini.

Mwingereza Thomas Harriot aliutazama Mwezi kwa darubini Julai 1609, miezi kadhaa kabla ya Galileo. Akachora alichokiona: duara lenye mstari uliopindapinda unaotenga mwanga na giza. Hakuna mlima hata mmoja. Galileo alipoutazama mwishoni mwa mwaka huo, mstari uleule ulimwambia mengine. Alikuwa amejifunza uchoraji, akijua kivuli huangukaje juu ya kitu chenye miinuko. Aliona vidoa vya mwanga upande wa giza, akatambua kuwa ni vilele vinavyopigwa na jua kabla ya mabonde, kisha akapima umbali wa vidoa hivyo kutoka kwenye mstari na kukadiria urefu wa milima. Ni kweli darubini yake ilikuza zaidi, mara 20 hivi dhidi ya mara 6 za Harriot, na hilo si dogo. Lakini baada ya kitabu cha Galileo kutoka mwaka 1610, Harriot naye alianza kuchora mashimo ya Mwezi.

Dhana: Wasanii hutabiri, wanasayansi hutekeleza.

Jules Verne husifiwa kwa riwaya yake ya 1865: watu watatu wanarushwa kwenda Mwezini kutoka Florida, kama ilivyokuwa kwa Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu Mwezini. Wanaomsifu husahau kuutaja mzinga. Verne aliwarusha kwa mzinga, na kishindo chake kingewaua palepale. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, aliyekiri kwamba Verne ndiye aliyemchochea, aliona mzinga haufai. Mwaka 1903 akachapisha hesabu za roketi.

Mmarekani Chesley Bonestell naye alichora milima ya Mwezi ikiwa mikali kama meno ya msumeno. Apollo 15 ilipotua chini ya milima halisi mwaka 1971, ilikuta miteremko ya mviringo, iliyosagwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka. Mchoro wake maarufu wa 1944 unaonyesha sayari ya Zohali kutoka Titan, mmoja wa miezi yake, katika anga la buluu. Chombo cha Huygens kilichotua Titan mwaka 2005 kilikuta ukungu wa rangi ya machungwa. Kwa maoni yangu, thamani ya Bonestell haikuwa kupatia; aliwapa watu mahali pa kutamani kwenda.

Dhana: Picha za anga hutoka kwenye kamera zikiwa tayari.

Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi. Picha moja ilichukua saa nane hivi kufika Duniani, tena ilifika kama tarakimu tupu: nukta 200 kwa 200, kila moja na namba ya kiwango chake cha mwanga. Wahandisi wa JPL, maabara ya vyombo vya anga huko California, hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta. Walizichapa namba kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ukutani kimoja baada ya kingine, wakatafuta chaki za rangi kwenye duka la vifaa vya wachoraji na kupaka kila kundi la namba rangi yake: kahawia, nyekundu, njano. Mirihi ya kwanza kupigwa picha kwa karibu ilipakwa rangi kwa mkono.

Dhana: Basi rangi za picha za Webb, darubini iliyo angani, ni uongo.

Webb hupokea mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Kwa kawaida wataalamu huupa mwanga wa mawimbi marefu rangi nyekundu na wa mawimbi mafupi buluu, mpangilio uleule wa upinde wa mvua. Kinachochaguliwa ni rangi; data inabaki ileile.

Dhana: Mwanaanga ni rubani tu.

Alexei Leonov, binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, Machi 1965, alikwenda na penseli za rangi zilizofungwa nyuzi zisielee. Suti yake ilivimba hadi nusura ashindwe kurudi ndani. Hata hivyo alipata wasaa wa kuchora macheo aliyoyaona.

Alan Bean wa Apollo 12 aliacha kazi NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1981 ili achore. Kwenye rangi alichanganya vipande vya nembo za suti yake, zilizokuwa na vumbi la Mwezi, na juu ya turubai akagandamiza alama za kiatu cha mwanaanga. Mwezi wake mara nyingi una zambarau na njano, ingawa aliukanyaga na kujua fika kuwa ni wa kijivu.