Dawa za sonona: zinavyofanya kazi na zinavyochaguliwa

Mtu akitoka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya, na karatasi iliyoandikwa fluoksetini, ndugu zake huuliza kwanza kama dawa hiyo ina nguvu. Swali hilo halimfikishi mbali. Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, zinazotumika sana zinakaribiana kwa uwezo wa kutibu. Zinapoachana ni kwenye maudhi yake, na hapo ndipo daktari anapopimia.

Seli za neva kwenye ubongo hazigusani. Katikati yake kuna upenyo mdogo sana, na ujumbe huvuka kwa kemikali kama serotonini na noradrenalini. Ujumbe ukishafika, seli iliyotoa kemikali huivuta tena ndani. Fluoksetini huzuia serotonini isivutwe, hivyo inakaa kwenye upenyo muda mrefu zaidi. Amitriptilini, ambayo ni ya zamani zaidi, huzuia serotonini na noradrenalini zote mbili, ila inagusa na sehemu nyingine za mwili zisizohusika na huzuni. Ndiyo maana mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu na usingizi unamlemea mtu. Kiangazi cha Dodoma mdomo umekauka tayari kabla ya kidonge.

Kuzuia huko huanza ndani ya saa chache. Nafuu ya moyo huja baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita. Kama sonona ingekuwa upungufu wa serotonini tu, mgonjwa angeamka kesho yake amepona. Maelezo yanayopewa uzito zaidi sasa ni kwamba dawa huanzisha mabadiliko ya polepole: vipokezi vya seli, yaani sehemu zinazopokea kemikali hizo, hujirekebisha na seli hukuza miunganisho mipya. Inafaa kukumbuka kuwa dawa za kwanza za sonona hazikutokana na nadharia yoyote. Miaka ya 1950 madaktari wa New York walikuwa wakijaribu dawa ya iproniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, wakashangaa kuona wagonjwa wanachangamka.

Kwa mgonjwa, hesabu ya muda ni mbaya: maudhi yanatangulia, nafuu inafuata. Aliyepanda basi kutoka Mpwapwa kufuata dawa, akapata kichefuchefu siku ya tatu na moyo bado mzito, ana kila sababu ya kuvitupa vidonge. Kwa maoni yangu mhudumu asiyelisema hili dirishani ametoa nusu ya dawa.

Basi mgonjwa anachaguliwaje dawa? Dereva wa lori wa njia ya Singida hapewi kirahisi amitriptilini, maana itamsinziza kwenye usukani. Fluoksetini, inayomezwa asubuhi, inamfaa zaidi. Mama asiyelala usiku na mwenye maumivu ya neva yasiyoisha anaweza kufaidika na amitriptilini ileile, ikimezwa wakati wa kulala. (Wapo wanaopewa kiasi kidogo chake kwa kipandauso au miguu inayowaka kwa sababu ya kisukari, bila sonona yoyote.) Mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuzibwa mkojo nayo. Mwenye ugonjwa wa moyo huepushwa nayo. Aliyewahi kuwaza kujiua hakabidhiwi vidonge vingi vya amitriptilini kwa mkupuo, kwa sababu vikizidi vinavuruga mapigo ya moyo na kuua. Fluoksetini ni salama zaidi upande huo. Nayo ina yake: inaweza kukosesha usingizi, kuleta wasiwasi wa siku za mwanzo, na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanaume wengi hawalisemi mpaka waulizwe.

Daktari atauliza pia kama uliwahi kupitia siku nyingi za kutolala, kuongea bila kituo na kutumia fedha ovyo. Haulizi kwa udadisi. Mwenye historia hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa tena kwenye hali ile. Mgonjwa ataje pia dawa nyingine anazotumia, hasa tramadoli ya maumivu, ambayo ikikutana na fluoksetini inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi. Ujauzito na kunyonyesha husemwa mapema. Kwa vijana wa chini ya miaka 25, nyumbani wawe macho wiki za kwanza: mawazo ya kujiua yakianza au kuzidi, warudi hospitali siku hiyohiyo.

Sonona nyepesi mara nyingi haihitaji kidonge kwanza. Mazungumzo ya tiba hutosha. Ikihitajika na ikafanya kazi, dawa huendelea kwa miezi sita au zaidi baada ya mtu kujisikia mzima, kisha hupunguzwa kidogo kidogo. Ukikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira na usingizi wa mang'amung'amu. Watu huita hali hiyo uraibu, lakini hakuna kiu ya kuongeza dozi kama inavyotokea kwa diazepamu, ambayo hutuliza kwa saa chache na haitibu sonona.