Lenzi ndogo siyo lenzi ya kujifunzia, tuelewane leo

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye feri ya Kamanga navuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza kwenda Sengerema, nimesimama pembeni naangalia maji, kamera shingoni na ile lenzi yangu ya 40mm ambayo ukiipita haraka unaweza kudhani ni kifuniko tu. Akaja kijana ana begi la kamera mgongoni, tukasalimiana vizuri, akaitupia jicho kamera yangu akauliza, "Broo, lenzi umeisahau nyumbani?"

Hilo swali nimeshaulizwa na kamati za harusi, nimeulizwa na bwana harusi mwenyewe, nimeulizwa mpaka na konda wa daladala ya Igoma, na kila mara nyuma yake kuna imani ileile kwamba lenzi ikiwa ndefu na nzito ndo inatoa picha kali, ndogo ni ya mwanafunzi. Nilianza kumjibu ila injini ya feri ina kelele, nusu ya maneno hayakumfikia, ndo maana naandika.

Ukubwa wa lenzi unatokana na hesabu ya darasa la nne. Chukua milimita za lenzi, zile 40 au 200 zilizoandikwa juu yake zinazoonyesha inavuta mbali kiasi gani, gawa kwa namba ya f, ile inayoandikwa kama f/2.8, unapata upana wa tundu la kupitisha mwanga ambalo ile lenzi lazima iwe nalo. 200 gawa kwa 2.8 ni kama 71, kwa hiyo huwezi kutengeneza zuumu ya 70-200 f/2.8 yenye kioo cha mbele kidogo, haiwezekani, ndo maana filta zake nyingi ni za 77mm. Sasa 40 gawa kwa 2.8 ni 14. Milimita kumi na nne, kama nusu ya kizibo cha soda! Hiyo lenzi iwe kubwa ili iweke nini ndani? Canon EF 40mm f/2.8 STM ina vioo 6, ina unene wa milimita 22.8, uzito gramu 130. EF 70-200mm f/2.8 IS ya pili ina vioo 23 na gramu 1490. Ile ni nzito kwa sababu inabeba zuumu, inabeba kizuia mtikisiko, inabeba tundu la milimita 71. Kazi yake inadai uzito huo. Haina uhusiano na nani mtaalamu nani mwanafunzi.

Hapa ndo watu wananijia juu: "Sawa kaka, ila si umesema mwenyewe tundu dogo, basi mwanga unaoingia ni mdogo, usiku utapata shida." Jamani. Hili ndo linaniumiza kuliko yote kwa sababu linasikika kama lina akili.

Fikiria chumba cha kupanga pale Mabatini, kifupi, kina dirisha dogo upande mmoja. Simama ukutani upande wa pili, unaona vizuri tu, unasoma hata gazeti. Sasa lipeleke dirisha hilohilo kwenye ukumbi wa harusi mrefu, simama ukuta wa mwisho, giza. Ili upate mwanga uleule wa kule chumbani, ukumbi ukiwa mrefu mara tano basi dirisha nalo liwe pana mara tano na refu kwenda juu mara tano. Lenzi ni hivohivo. 200mm ni ukumbi mrefu, 40mm ni chumba kifupi, na namba ya f inalinganisha dirisha na urefu wa chumba, haipimi ukubwa wa dirisha peke yake. f/2.8 ya lenzi ya gramu 130 na f/2.8 ya lenzi ya kilo moja na nusu zinaweka mwanga uleule kwenye sensa. Kama huamini, weka zote mbili f/4, shata 1/250, ISO ileile, piga ukuta uleule mweupe kwenye kivuli kilekile, halafu angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Mi nimeshafanya hilo zoezi mbele ya vijana watatu na bado mmoja alisema kamera imebadilisha yenyewe.

Niwe mkweli lakini, kuna tofauti ndogo mbili. Vioo 23 vinakula mwanga kidogo kuliko vioo 6, ndo maana watu wa sinema wanatumia namba ya T, inayohesabu mwanga unaopita kweli, badala ya f. Upande wa pili, lenzi nyembamba ukiifungua mpaka mwisho inatia giza kwenye kona za picha, hiyo ipo na inaonekana hasa ukipiga anga tupu la ziwa. Ukibana tundu mpaka f/5.6 inapungua sana.

Ukali sitakaa nao sana. Zuumu inatakiwa iwe nzuri kwenye 70, na 135, na 200. Ya 40mm inatakiwa iwe nzuri sehemu moja tu, kazi yake ni nyepesi. Usiibane mpaka f/22 halafu ukalalamika picha imelegea, f/22 inalegeza lenzi yoyote hata ya bei ya gari.

Ila kuna jambo sijalimaliza moyoni. Hizi lenzi ndogo mpya za kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), nyingi zinapinda mistari, halafu programu ya kamera inainyoosha kabla hujaiona. Ukifungua faili ghafi bila marekebisho unakuta upeo wa ziwa umepinda kama upinde. Je, hiyo ni lenzi nzuri au ni kompyuta nzuri? Kuna siku nasema potelea mbali, picha ya mwisho imenyooka. Kuna siku naona kama nimeuziwa nusu ya lenzi. Bado sijaamua.

Kwenye safari ndo sina wasiwasi kabisa. Mtumbwi wa injini unatetema, na mtetemo uleule kwenye 200mm unaonekana mara tano ya kwenye 40mm. Halafu kuna watu. Pale Mwaloni Kirumba nilikaa na mama mmoja anachambua dagaa, nilimwamkia, akaniambia piga tu mwanangu, akaendelea na kazi yake. Nilikuwa karibu kiasi kwamba naona magamba yamemganda kwenye vidole, yanang'aa kila akigeuza kiganja, na dagaa mmoja amenasa kwenye pete asijue. Siku niliyofika palepale na lenzi kubwa, kila mtu alikaa sawa, mikono magotini, kazi ikasimama, na mzee mmoja akauliza natoka gazeti gani.

Inaposhindwa inashindwa kweli. Wanaosema "zuumu kwa miguu" waje kisiwa cha Saanane wampige picha furukombe aliye juu ya jiwe na wao wako kwenye boti, watembee juu ya maji nione. Hapo beba ndefu. Na tundu la milimita 14 haliwezi kuyeyusha mandhari yaliyo nyuma ya bibi harusi kama linavyoyeyusha la 71, hilo nalo msinidai.

Kingine ni maji. Lenzi nyingi za aina hii hazina mpira wa kuzuia maji pale zinapoungana na kamera. Ziwa letu ni maji baridi, hayaachi chumvi kama Zanzibar, ila tone likikauka juu ya kioo linaacha doa, kwa hiyo futa likiwa bichi. Kinachoua kweli ni mchanga na unyevu. Usifunge lenzi ikiwa na unyevu ndani ya begi wiki nzima, utakuta ukungu umeota utando kama wa buibui na hautoki kwa kitambaa. Filta ya kulinda mi naivaa nikiwa kwenye boti, nikisimama mbele ya Jiwe la Bismarck jua linazama naivua, maana inaongeza mng'ao wa ajabu katikati ya picha.

Yule kijana nilimpa aijaribu mpaka tunafika ng'ambo. Alipiga magari, akapiga watu waliokaa kwenye mizigo, akapiga mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Akakuza ile ya mtoto kwenye skrini, akakuza tena mpaka kope zikaonekana moja moja, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Sasa mteja nikimtokea na hii atanilipa?"

Sikuwa na jibu zuri. Jumamosi hii nina sendofu Nyegezi, kamati imesema wanataka "ile kamera kubwa," na nitaenda nayo.